Kumheshimu Mzee Mgonjwa: Je, Ni Kumtendea Kila Kitu?



Katika mafundisho ya amri ya nne mmekwisha kujifunza kwamba yatupasa kuwaheshimu wazazi wetu, na kuwasaidia katika uzee na ugonjwa wao. Hakuna hata mmoja wenu anayebisha neno hilo. Lakini kulijua neno bado si kulitenda vema. Mtu aweza kumsaidia mzee wake kwa mikono miwili na kwa nia njema, kumbe anamdhuru. Nasema hivi bila kusingizia wengine, kwa sababu mimi mwenyewe ninayewafundisha nilitenda hivyo. Sikilizeni basi habari yenyewe, kisha tutafute pamoja jibu la swali letu.

1. Yaliyotupata nyumbani

Baba yangu mkubwa, yaani kaka wa marehemu baba yangu, ni mvuvi wa kando ya ziwa Tanganyika. Baba yangu alipofariki, mimi nilikuwa mtoto mdogo. Yeye ndiye aliyenilea na kunipeleka shule. Tangu ujana wake mpaka alipotimiza miaka 70 hakujua kulala mchana. Usiku alikwenda ziwani na taa kuvua ndakala, asubuhi aliwaanika mchangani, na jioni aliketi chini ya mwembe wake akitengeneza nyavu, zake na za wengine. Vijana wengi wa kijiji chetu walijifunza kwake kufunga fundo la wavu.

Mwaka 2021, baada ya Pasaka, alianza kuchoka. Kwanza alipumzika mara mbili njiani alipotoka pwani. Halafu miguu yake ikavimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki. Usiku hakuweza tena kulala chali. Aliketi kitandani akiegemea ukuta, akitafuta pumzi kama mtu aliyeokolewa majini. Usiku mmoja jasho la baridi likamtoka na maneno yakamshinda. Tukampakia katika kipoyi, tukambeba kwa zamu, mwendo wa saa nne, hadi hospitali.

Njiani ndugu wengine walianza kunong'ona. Walisema: “Ugonjwa huu si wa Mungu. Kuna mtu.” Wakamtaja jirani yetu, mjane mzee, ambaye zamani aligombana na baba mkubwa juu ya mpaka wa shamba la mihogo. Mimi nilisikia, nikanyamaza. Nitarudi kwa jambo hilo.

2. Jinsi moyo unavyougua

Hospitalini mganga alimpima msukumo wa damu, ambao wengi huuita tansio, akaona 190 juu ya 110. Akatueleza hivi.

Moyo wa mtu una ukubwa wa ngumi yake. Hupiga kama mara 70 kwa dakika, yaani mara 100,000 hivi kwa mchana na usiku, na kila dakika husukuma lita 5 hivi za damu mwilini mwote. Msukumo wa damu ukiwa juu siku zote, kufika 140 juu ya 90 au kupita, moyo hufanya kazi kama mvuvi apigaye kasia miaka mingi dhidi ya upepo. Mwanzoni misuli yake hunenepa, mwishoni huchoka. Damu isiposukumwa vema, maji hubaki nyuma. Yakibaki mapafuni, pumzi hukatika. Yakibaki miguuni, miguu huvimba. Tena ugonjwa wa msukumo wa damu hauumi hapo mwanzo. Ndiyo sababu wengi wanao wala hawajui, mpaka siku moyo unaposhindwa.

Mganga akampa dawa ya kutoa maji kwa njia ya mkojo, na dawa ya kushusha msukumo wa damu. Akamkataza chumvi nyingi, hasa samaki wa chumvi, yaani makayabu, kwa kuwa chumvi huyashika maji mwilini. Padri naye akaja kumpa Mpako wa wagonjwa. Ndugu walipoona mafuta matakatifu waliangua kilio, kana kwamba mzee amekwisha kukata roho. Hawakujua kwamba Mtaguso wa Vatikano, mwaka 1963, ulikumbusha kuwa sakramenti hiyo si ya watu walio katika dakika ya mwisho tu. Ni ya kumtia mgonjwa nguvu.

Siku ya kumi na sita tukamrudisha nyumbani. Kabla ya kutuaga, mganga alituambia: “Asilale mchana kutwa. Atembee kidogo kila siku, na kila juma aongeze.” Maneno hayo yaliingia sikio hili yakatokea lile. Sisi tulishika neno moja tu, kwamba moyo wake umechoka.

3. Kosa letu

Tukafanya baraza la jamaa. Tukasema: mzee amefanya kazi vya kutosha, sasa ni zamu yetu. Basi binti zake walimwogesha na kumlisha kwa mkono. Akitaka kuinuka, watu wawili walimrukia na kumlaza tena. Wageni walipomwuliza hali yake, sisi tulijibu badala yake. Posa ya mjukuu wake ilipoletwa, tuliipokea na kuijadili bila kumwambia, tusije tukausumbua moyo wake. Nami nilichukua nyavu zake, nikazificha katika ghala ya shule, ili asivutwe na kazi. Kijiji kizima kilitusifu. Wazazi waliwaambia watoto wao: “Tazameni heshima ya nyumba ile!”

Baada ya majuma matano mapaja yake yalikuwa membamba kama mikono. Hakuuliza tena habari za ziwa. Alianza kukataa chakula. Jioni moja nilimletea bukari na sombe isiyo na chumvi, nikasema: “Baba, ule hata matonge mawili.” Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: “Mwanangu, mmeniweka kaburini, mkasahau tu kunifukia. Nyavu zangu ziko wapi?”

Sikuwa na jibu. Asubuhi ya siku ile ile niliwafundisha watoto wa darasa la nne kwamba kuchukua mali ya mtu bila ridhaa yake ni kuiba.

4. Hata waganga walikosa hivyo

Msidhani kwamba kosa hilo ni la watu wa vijiji peke yao. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, waganga wenye elimu kubwa walimlaza kitandani kwa muda wa wiki sita hivi mtu ambaye mshipa wa moyo wake umeziba. Siku za kwanza hakuruhusiwa hata kujilisha. Waliogopa kwamba akijitikisa moyo utapasuka. Kumbe kulala huko kuliwaletea wengi maradhi mengine: damu iliganda miguuni na kupanda mapafuni, misuli ilinyauka, na roho ya mtu ilijaa huzuni.

Mwaka 1952 waganga wawili wa Boston huko Marekani, Samuel Levine na Bernard Lown, walitangaza kwamba wao waliwaketisha wagonjwa wa namna hiyo kitini mapema, wala hawakuona madhara waliyotishwa nayo. Wenzao wengi walishangaa. Mwaka 1955, mwezi wa Septemba, Rais Eisenhower wa Marekani alishikwa na ugonjwa huo huo. Mganga wake Paul Dudley White hakumfanya kuwa kilema. Alimhimiza arudie mwendo na kazi kwa kiasi. Mwaka uliofuata, Novemba 1956, Eisenhower alichaguliwa mara ya pili. Na mwaka 1964 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliandika kwamba kumrudisha mgonjwa wa moyo katika hali njema ni kumsaidia kwa mwili, kwa roho na kwa maisha yake kati ya watu, hata aweze, kwa bidii yake mwenyewe, kushika tena nafasi yake. Shikeni maneno hayo: kwa bidii yake mwenyewe.

Siku hizi waganga wanajua kwamba kutembea kwa kiasi ni sehemu ya dawa, hata kwa wale ambao moyo wao umedhoofika kama wa baba mkubwa, mradi maji yamekwisha kupungua mwilini na mganga amekubali.

5. Njia ya kurudi

Basi nilikwenda kituo cha afya nikamweleza mwuguzi mambo yote. Akacheka kidogo, akaniuliza: “Mzee wako ni Mkristo?” Nikajibu: “Ndiyo.” Akasema: “Basi atembee huku akisali kwa sauti. Akiweza kumaliza Salamu Maria bila pumzi kukatika, mwendo wake ni wa kiasi. Pumzi ikikatika katikati ya maneno, aketi. Kifua kikimwuma au kizunguzungu kikimshika, aache kabisa na mnipashe habari. Tena mtazame miguu yake kila asubuhi, na uzito wake mkipata mizani. Kilo mbili zikiongezeka katika siku tatu, hayo ni maji. Msingoje.”

Siku ya kwanza alifika mlangoni tu, akaketi. Siku ya tatu alifika kwenye mwembe wake, hatua thelathini, nami nikamkuta ameegemea shina na kulipapasa kwa mkono. Nilimrudishia nyavu zake. Kila juma tuliongeza kidogo. Polepole ndio mwendo, wasema wahenga. Nami sikupata kuifahamu methali hiyo mpaka nilipotembea nyuma ya mzee yule, nikizihesabu Salamu Maria zake.

Mwezi wa pili aliniambia: “Leo twende kwa yule mjane.” Nyumba yake iko umbali wa hatua mia mbili hivi. Alipumzika mara tatu. Walipoonana, yule mama alianza kutetemeka, maana maneno ya ndugu zetu yalikuwa yamemfikia, na kwa majuma mengi hakuthubutu kwenda kisimani mchana. Baba mkubwa akaketi barazani pake, akaomba maji ya kunywa, akayanywa yote mbele ya watu. Kisha akasema kwa sauti: “Mganga amenionyesha ugonjwa wangu. Ni msukumo wa damu niliokaa nao miaka mingi bila kupimwa, na chumvi niliyokula. Mama huyu hana neno.” Tangu siku hiyo manung'uniko yakakoma. Mimi mwalimu, mwenye miguu mizima, nilikuwa nimepita mlango ule kila siku wala sikuingia.

Msifikiri kwamba baada ya hapo yote yalikwenda sawa. Mwezi wa nne, baba mkubwa alitoroka peke yake mpaka pwani, akala samaki wa chumvi kwa rafiki yake, akarudi kilima kwa haraka ili vijana wamwone. Siku mbili baadaye miguu ikavimba na pumzi ikakatika usiku. Ndugu wakanigeukia: “Wewe ndiwe utakayemwua!” Nakiri kwamba niliogopa sana. Tukampeleka kwenye kituo cha afya, dawa ikaongezwa, maji yakapungua. Nami moyoni nilikwisha kuazimu kuzirudisha nyavu ghalani. Yeye akanitambua, akasema: “Mwanangu, kosa ni langu. Nilikula nilichokatazwa, tena nilijionyesha. Nionye, lakini usinifunge.”

6. Jibu la swali letu

Katika maneno yale mawili, nionye na usinifunge, naona jibu tulilolitafuta.

Kuna makosa mawili juu ya mzee mgonjwa. La kwanza ni kumwacha: kusema hana faida tena, kumnyima dawa kwa sababu ya gharama, kila mtoto akingoja mwenzake atoe fedha. Kosa hilo twalijua wote, na twaliita kwa jina lake. La pili limejificha, kwa kuwa limevaa nguo za upendo. Ni kumnyang'anya mzee kila alicho nacho bado: kijiko chake, hatua zake, neno lake katika baraza. Anayetenda hivyo hamchukii mzee. Lakini amekwisha kumhesabu kuwa mtu aliyepita. Tena mara nyingi, tukijichunguza, twaona kwamba tulitafuta utulivu wetu sisi. Mzee anayelala hatutishi. Mzee anayetembea hututia hofu kila akijikwaa.

Labda mmoja wenu atasema: “Mwalimu, mzee amefanya kazi maisha yake yote. Je, hana haki ya kupumzika?” Anayo, naam. Lakini anayepumzika amechagua kuketi, na akitaka ataondoka. Anayezuiliwa kuinuka hapumziki, amefungwa.

Mwingine atasema: “Na yule asiyeweza kuinuka kamwe? Je, heshima yake imekwisha?” Hasha! Tuangalie sana tusianguke upande wa pili. Heshima ya mtu haitoki katika kazi yake, na mzee asiyeweza kushika hata sindano ya wavu ni mtu mzima mbele ya Mungu na mbele yetu. Huyo tumwogeshe, tumlishe, tumgeuze kitandani, tena tumwulize anapenda kugeuzwa upande gani. Hata mtu asiye na nguvu ya mkono bado ana neno lake.

Basi kipimo ni hiki: tumsaidie panapompungukia, tumwachie panapomwezekana, na kwa kuwa mambo hayo hubadilika siku kwa siku, tumwulize yeye na tumwulize mganga. Kuna hatari katika mwendo, sikatai. Lakini kuna hatari katika kulala pia, na hiyo sisi hatukuiona kwa sababu ilikuja bila kelele.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Anywe dawa kila siku, hata siku anayojisikia mzima, maana wengi huacha dawa wakipata nafuu, na ugonjwa huwarudia. Akubali kuonywa juu ya chumvi. Asione haya kushikwa mkono penye kilima. Baba mkubwa aliniambia kwamba hayo yalimwia magumu kuliko kutembea, kwa kuwa mtu aliyewaongoza wengine hujifunza kwa shida kuegemea bega la mtoto wake.

Wahenga walisema: heri kufa macho kuliko kufa moyo. Waganga hutibu moyo wa nyama. Moyo ule mwingine, ambao kwa huo mtu hutaka kuinuka asubuhi, umewekwa mikononi mwa jamaa yake.

Baba mkubwa hakupona kabisa, wala hatapona kabisa. Haendi tena ziwani usiku. Kuna siku pumzi humpungukia, akaketi tu. Lakini jioni, jua likipungua ukali, huenda kwa miguu yake mpaka chini ya mwembe, na watoto wa shule humzunguka ili awafundishe fundo la wavu. Wakikosea, haondoi wavu mikononi mwao. Hungoja, kisha husema: “Fungua, uanze tena.”

Maulizo ya kufikiri na kujibu pamoja

Ulizo: Amri ya nne yatuagiza nini juu ya wazee wagonjwa?
Jibu: Yatuagiza kuwaheshimu na kuwasaidia kwa mwili na kwa roho, bila kuwaacha na bila kuwanyang'anya uwezo walio nao.

Ulizo: Je, ni halali kutafuta mchawi mzee anapougua moyo?
Jibu: Si halali. Ugonjwa huo una sababu zake, kama vile msukumo wa damu ulio juu. Na anayemsingizia jirani amtenda dhambi asiye na kosa.

Ulizo: Mzee akirudi kutoka hospitali, tuanzie wapi?
Jibu: Tushike maneno yote ya mganga, si yale tu yanayotupendeza, tugawane gharama za dawa, tena tumwulize mzee mwenyewe: “Leo unaweza kufika wapi?”